Ukoo wa Sabuni

Mama Salmini anasema hivi. Anasema kule Ulaya niliingizwa kwenye nyumba ya marehemu, nyumba yenye vitanda vilivyotandikwa bila mtu wa kulala, na humo ndani nikamvua mwanangu fulana. Mzungu mmoja aliyevaa glovu nyeupe akamtoa uzi wake kiunoni, akaufungia kwenye kabati la kioo, nami nikapewa changu nikaondoka. Anasema ameona kwa macho yake kwenye simu. Anasema mtoto amerudi mwepesi, ukimbeba ni kama umebeba kapu tupu, na hata kulia halii kama watoto wenzake, analia kama mtu aliye mbali.

Haya aliyasema kwenye foleni ya maji, hapa kwetu Makote, siku ya pili tangu nirudi. Nilikuwa nyuma kabisa ya foleni na hakuniona.

"Ukoo ule ule," akamalizia. "Mama wa bibi yake aliuza kwa kipande cha sabuni. Huyu sijui kapewa nini."

"Labda shampuu," akadakia mwenzake, wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji yake.

Nikangoja zamu yangu. Nikateka. Nilipompita nikamwamkia, maana ni mkubwa kwangu.

"Shikamoo, Mama Salmini."

"Marahaba, Mama Danieli. Ulaya kumekupendeza! Sabuni umetuletea?"

Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa lake. Lilikuwa la Bibi, na Bibi tangu nirudi alikuwa hajampakata mtoto hata mara moja.

Nieleze kwanza habari ya sabuni.

Bibi yangu mzaa mama anaitwa Oliva. Mama yake aliitwa Pili. Zamani za mkoloni, kabla Bibi hajazaliwa, huyu Pili alimpeleka mwanawe wa kwanza kwenye zahanati ya misheni kule Newala. Mtoto alikuwa na miezi saba au minane, ana buba na homa. Aliyekuwa akipiga sindano ni mwanamke wa Kizungu, watu walimwita Bibi Kengele kwa sababu alikuwa akiita wagonjwa kwa kengele ya mkono. Pili aliingia na mtoto mwenye uzi kiunoni. Akatoka na mtoto asiye na uzi, na mkononi ameshika kipande cha sabuni. Siku ya tatu mtoto akafa.

Uzi wenyewe si kitu cha kutisha. Ni uzi mweusi wa pamba, una mbegu mbili nyekundu na kijiti kidogo katikati, na hapo penye kijiti ndipo panapokaa fundo. Katika ukoo wetu mtoto hufungwa na mwanamke mkubwa kuliko wote upande wa mama. Fundo hukaa mbele, juu ya kitovu. Mtoto akishakuwa mkubwa, yule aliyelifunga hulifungua mwenyewe kwa meno. Haukatwi. Uzi hukatwa siku moja tu, kama mtoto amekufa, kabla hajaoshwa.

Pili alisema hakuutoa. Alisema hivyo mpaka anazeeka. Alipoulizwa sabuni ilitoka wapi, alijibu kwamba alishikishwa mkononi wakati mtoto analia kwa sindano, na kwamba aligundua kiuno ki kitupu alipofika nyumbani. Nani angeamini? Sabuni ile hakuifulia hata leso. Aliiweka darini mpaka panya wakaimaliza. Watu wakatupa jina, ukoo wa sabuni, na jina likatukaa. Bibi alikua nalo, akaolewa nalo. Mama yangu alipozaliwa, Bibi hakutaka Pili amfunge uzi, na kumfunga mwenyewe akakataa. Akasema mkono uliozaliwa na mkono ule haufungi mtoto. Mimi hakunifunga. Mama yangu alishafariki, kwa hiyo Danieli alipozaliwa aliyebaki wa kumfunga ni Bibi peke yake, naye akakataa vile vile.

Sasa utaona uongo wa Mama Salmini ulipo. Uzi gani ulioibwa kwa Danieli? Mwanangu hajawahi kufungwa uzi.

Ajabu ni kwamba fundo lenyewe Bibi hulifunga kila siku. Hulifunga kwenye mzigo wa kuni, kwenye mdomo wa gunia la mbaazi, kwenye shingo ya mbuzi. Nililijua fundo lile kabla sijajua kusoma. Popote utaliona, isipokuwa kwenye kiuno cha mtoto.

Na Ulaya nilikwendaje, mimi niliyeishia darasa la saba? Ni vyungu. Kanisa letu lina undugu na kanisa la mji mmoja mdogo Uingereza, na safari hii wenzetu waliomba mwanamke anayefinyanga, awaonyeshe watoto wa shule. Padri Bartholomayo wa Masasi akanitaja. Nikamwambia, Baba Padri, mimi nanyonyesha. Akasema basi mtoto naye atakuwa mgeni. Danieli akatengenezewa pasipoti akiwa na miezi sita. Sharti la picha lilikuwa macho wazi, mdomo umefungwa, na yule mpiga picha wa Masasi, Nikolao, alihangaika karibu saa nzima, anapiga miluzi, anatingisha funguo, anajifanya kuku. Mume wangu Kasiani alicheka mpaka akakaa chini.

Huko tulikaa kwa mama mmoja mjane anaitwa Heleni. Mtu mpole, anaongea taratibu kana kwamba ukiongea taratibu Kiingereza kinaeleweka. Siku ya nne akasema, kwa tafsiri ya Padri tuliyesafiri naye, kwamba kila Jumatano anajitolea kulinda nyumba ya makumbusho ya mji wao, na angependa tuione. Ni nyumba ya familia moja ya zamani iliyohifadhiwa ilivyokuwa.

Nilidhani ni jengo la vitu vya wafalme. Kumbe ni nyumba ya watu, ya ghorofa moja, ina mlango wa kijani na viatu vya mvua mlangoni. Nikavua vyangu nikaviweka kando ya vile. Heleni akaniashiria nivae. Vile viatu vilikuwa vya marehemu.

Nikasimama pale pale. Kwetu mtu akifa nguo zake zinagawiwa, kitanda chake kinapewa mtu, chungu chake kinapikiwa na wengine. Hawa walikuwa wamekufa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na miwani ya baba mwenye nyumba ilikuwa juu ya kitabu kilichofunuliwa. Ndara zake zilikuwa chini ya kitanda, zimepangwa, vidole vinatazama mlangoni. Mezani palikuwa na mkate na mayai mawili. Nikagusa yai. Lilikuwa la plasta. Walikuwa wamewapikia wafu chakula cha uongo.

Nikamkaza Danieli mgongoni.

"Baba Padri," nikanong'ona, "hawa watu wanarudi?"

"Nani?"

"Wenyewe."

Padri akacheka, lakini nilimwona anaziangalia zile ndara.

Mtoto akaanza kulia njaa. Nikatafuta pa kukaa. Viti vilikuwa vingi, na juu ya kila kimoja wameweka ua kavu lenye miiba. Kimoja kimoja, kila kiti na mwiba wake. Kago naijua. Kwetu mtu akitaka shamba lake lisiibwe huweka kitu kama kile, jani kavu, mti wa miiba, na anayegusa yanamkuta yake.

"Wazungu nao wanaweka kago," nikasema.

Padri akamtafsiria Heleni, na Heleni akacheka hadi akashika ukuta. Akaeleza kwamba ni ishara tu ya kumwambia mgeni asikae. Kiti ni cha zamani, kitavunjika.

"Basi si ndiyo hiyo hiyo?" nikasema.

Nikakaa sakafuni, nikanyonyesha. Hapo chini ndipo nilipoiona kengele. Ilikuwa kwenye meza ndogo ya kona, kengele ya mkono, ya shaba, mpini wa mti mweusi uliong'aa kwa kushikwa. Mbele yake pana kikaratasi. Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, lakini jina la kwetu nalijua likiandikwa. Newala.

"Baba Padri, njoo usome hapa."

Akainama. Akasoma kimya, midomo inacheza. Akasema, "Kumbe! Binti wa nyumba hii alikuwa nesi wa misheni kule kwetu. Miaka kumi na mitano. Edith. Kengele hii alikuwa anaitia wagonjwa."

Maziwa yakaanza kunitoka yenyewe upande wa pili, yakalowanisha blauzi. Nilisikia sauti ya Bibi, jinsi anavyosema Bibi Kengele, anavyotema mate pembeni kabla ya kulitaja.

"Ana chumba?" nikauliza.

Kilikuwa juu. Nilipanda ngazi na mtoto akiwa bado ananyonya, huku Heleni ameninyooshea mkono nisije nikaanguka. Kitanda chembamba, msalaba, picha za zahanati ya udongo na foleni ya wanawake wamefunga vitambaa. Ukutani kabati la kioo. Ndani mna vyanuo, kijiko cha kifuu, ndonya ya mti ya kuvaliwa mdomoni, bangili. Na pembeni kabisa, juu ya kitambaa cheupe, uzi mweusi. Mbegu mbili. Kijiti katikati.

Sikuhitaji kikaratasi. Lakini kilikuwepo, na jina lilikuwepo, herufi nne nilizozisoma peke yangu kabla Padri hajafika. Pili.

"Soma," nikamwambia.

"Inasema, hirizi ya mtoto. Zawadi ya mama mwenye shukrani, Pili, Newala, elfu moja mia tisa thelathini na saba."

"Rudia."

"Zawadi ya mama mwenye shukrani."

Nikakaa kwenye kiti. Kilikuwa na mwiba wake, sikuutoa, na Heleni hakunizuia. Miaka yote ile nilikuwa na kijisehemu kidogo moyoni kinachomwamini Pili, na sasa kitu kimeandikwa Ulaya, kwa wino, kwenye nyumba ya mwenyewe, kwamba alitoa. Hata shukrani alitoa. Mama Salmini mwenyewe asingeandika vizuri zaidi.

Padri akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia aniache nitazame.

Mimi nafinyanga. Chungu hukitazami mara moja. Unakigeuza, unakitazama penye mwanga, unatafuta ufa. Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Nikalitazama fundo. Fundo lilikuwa zima. Limekaa kama lilivyofungwa, limekazika mpaka limekuwa kama kokwa, halijawahi kuguswa. Lakini uzi haukuwa duara. Ulikuwa na ncha mbili, zimelazwa karibu karibu ili mtu aone kama zimeungana.

"Baba Padri, muombe Mama Heleni afungue."

"Yuliana, haiwezekani. Vitu vya makumbusho hivi."

"Muombe. Mwambie huyo Pili ni mama wa bibi yangu."

Padri akanitazama, kisha akamwambia. Uso wa Heleni ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Alisema neno la kukataa, nikalielewa. Kisha akatazama mlango, akatoa funguo mfukoni, akavaa glovu nyeupe. Akauchukua uzi kwa vidole viwili kama anavyochukuliwa mdudu aliye hai.

Sikutaka kuushika. Nilichotaka ni kujua umekatwa wapi. Nikarudi kitini, nikamvua Danieli fulana, nikamsimamisha mapajani, nikamwonyesha Heleni kwa mkono, weka hapa. Fundo kitovuni. Zungusha. Danieli alikuwa na umri ule ule. Uzi ukamtosha kama uliofungwa asubuhi ile. Na zile ncha mbili zikaangukia nyuma, katikati ya mgongo, juu kidogo ya matako. Zilikuwa zimekatwa sawasawa, bila nyuzi kuchambuka. Mkasi.

Hapo ndipo nilipomwona Pili. Amekaa kwenye benchi, amemkumbatia mtoto kifua kwa kifua, kama tunavyowakumbatia mpaka leo wakichomwa sindano ya tako. Mtoto analia, yeye amemfunika macho kwa kiganja na anamwimbia. Kilicho nyuma ya mgongo wa mtoto hakioni. Anayekiona ni mwenye sindano. Mama akitaka kuutoa uzi mwenyewe atakwenda mbele, penye fundo, si nyuma. Na hakuna mwanamke wa kwetu, hata awe na tamaa ya namna gani, atakayeukata kwa mtoto aliye hai. Kuukata ni kumtangaza amekufa.

Bibi Kengele alimtangazia mtoto kifo hajafa, na mama akapewa sabuni.

Nilimweleza Padri yote hayo, maneno yakigongana. Naye akamweleza Heleni. Heleni akabaki ameshika uzi kiunoni kwa Danieli. Padri akatoa simu akapiga picha. Alisema ni kwa ajili ya ushahidi. Jioni ile ile akaituma kwenye kundi la kanisa bila maneno, alikusudia kuyaandika baadaye. Kabla hajayaandika Makote wameshaandika ya kwao.

Tazama picha yenyewe usijue habari. Mtoto kifua wazi. Mzungu mwenye glovu, mikono kiunoni kwa mtoto, ameshika uzi. Mama amekaa, ametulia. Kabati liko wazi nyuma yao. Mimi mwenyewe nisingekuwepo, ningesema anauchukua.

Sasa nirudi kwa Bibi.

Siku ile ya foleni nilitua ndoo, nikamchukua Danieli kwa Kasiani, nikaenda moja kwa moja. Bibi alikuwa ukumbini anapepeta mbaazi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua uso. Nikamweka mtoto mkekani. Akauvuta ungo upande wake, mtoto asiufikie.

"Umefuata nini kwenye nyumba ya yule mwanamke?"

"Sikujua ni yake, Bibi."

"Mimi niliitwa sabuni nikiwa sijaota meno. Nimezeeka nalo. Nikasema wewe utapita, huna uzi, hawana cha kukusema. Umekwenda kukitafuta mpaka Ulaya."

"Bibi, wameukata."

"Nani?"

"Uzi wa kaka yako. Nimeuona. Fundo zima."

Ungo ukasimama.

Nikamweleza taratibu, kama nilivyoona. Simu nilimpa, lakini macho yake yana ukungu, aliona weupe wa glovu tu. Akairudisha. Basi nikamtwaa Danieli, nikamvua fulana, nikamkumbatia kifua kwa kifua, mgongo wake ukimwelekea Bibi. Nikamfunika macho kwa kiganja.

"Mimi ndiye Pili," nikasema. "Wewe ndiye mwenye sindano. Mkono wako unafika wapi?"

Hakutaka. Nikangoja. Kuku waliingia kwenye mbaazi na hakuwafukuza. Mwishowe akanyoosha mkono, vidole vyake vikavu vikagusa tako la mtoto, vikapanda kidogo, vikasimama katikati ya mgongo.

"Hapa," akasema.

"Hapo hapo, Bibi. Na kitovu chake unakiona?"

"Sikioni."

"Na yeye alikuwa anauona mkono wako?"

Danieli akageuza shingo amtazame ni nani anayemshika, maana ulikuwa mkono mgeni kwake.

"Alikuwa ananiambia," Bibi akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Nilikuwa msichana mkubwa. Nikamwambia, mama, nyamaza, unatuaibisha."

Ng'ambo ya ua Mama Salmini alikuwa anamwita mtu kwa sauti, anauliza kama maji yamebaki.

Nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la khanga tangu asubuhi. Nikaufungua. Uzi mweusi wa dukani, mbegu mbili nilizookota njia ya kwenda Newala, kijiti nilichokichonga Kasiani akiwa amelala. Nikauweka mkekani, mbele ya goti lake.

"Bibi," nikasema, "mfunge."

Mkono wake ulikuwa bado mgongoni mwa mtoto. Nikamgeuza Danieli taratibu, kitovu kikamwelekea.

"Mfunge, Bibi."